Kutoka fildi mpaka cheki namba: ukweli kwa wanafunzi wanaotaka kuingia serikalini

#1 Mzee wa Masijala

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya wanafunzi maofisini, ndio huo umeanza na PM zinamiminika, swali ni lile lile la kila mwaka: "Mkuu, nikipiga fildi ofisi ya serikali kuna uwezekano wa kubakizwa?" Nijibu hadharani ili tusichoshane. Hakuna kubakizwa. Si kwamba wakubwa wana roho mbaya, ni kwamba hayo mamlaka hawana. Lakini fildi iliyofanywa kwa akili inakusogeza karibu na ajira kuliko GPA nzuri iliyolala kwenye bahasha, na hapo ndipo vijana wengi wanapopishana na bahati yao.

Nimekaa idara ya utawala na rasilimali watu kwenye halmashauri zaidi ya moja, nimepokea wanafunzi wa kila aina. Wapo waliokuja kupiga selfi na gari la Mkurugenzi, na wapo ambao leo ni maofisa, tukikutana kwenye vikao Dodoma wananilipia chai.

Tuanze na mlango wenyewe. Halmashauri au wizara haiamki asubuhi ikaajiri. Inaandaa ikama, yaani idadi ya watumishi inaowahitaji, na bajeti, inaomba, na kibali kinatoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Kikitoka, kada nyingi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichozaliwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 baada ya marekebisho Na. 18 ya 2007. Zipo kada za chini kama Mtendaji wa Kijiji, Dereva, Msaidizi wa Kumbukumbu na Mwandishi Mwendesha Ofisi ambazo utakuta Mkurugenzi mwenyewe katoa tangazo, lakini ukilisoma vizuri mstari wa kwanza utaona anataja kibali alichopewa na kumbukumbu namba yake. Bila kibali hata mtoto wake hawezi kumuingiza kwenye orodha ya mishahara. Kwa hiyo anayekwambia "lete kitu kidogo nikuunganishe ubaki hapa" anauza mali isiyo yake.

Halafu watu wanachanganya mambo matatu. Fildi ni ya mwanafunzi, ipo kwenye mtaala, ina alama, na mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo uliojumuisha kipengele hicho hupata hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56. Utarajali ni wa mhitimu, miezi 6 hadi 12, una mwongozo wake wa kitaifa wa 2017, na TaESA, huduma za ajira za serikali, ndio wanaopokea maombi na kuwapanga watu kwa waajiri. Kujitolea ni makubaliano yako na ofisi, mara nyingi barua ya ukurasa mmoja na nauli ya kwako mwenyewe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye kifungu kinachosema ukimaliza unaajiriwa.

Sasa faida iko wapi?

Nitatoa mfano mmoja. Kila mwaka mwanafunzi wa utawala nikimpeleka masijala ananuna. Anaona nimemtupa kwenye mafaili. Ngoja nikueleze kinachofanyika mle. Barua inaingia, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejesta, inatafutiwa jalada lake. Ikifungwa ndani inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada. Jalada linapanda kwa Mkurugenzi, anaandika maelekezo mafupi na kutaja folio husika, linashuka kwa mkuu wa idara, naye anamwandikia afisa wake. Afisa anarudi na dokezo: hali ilivyo, kanuni inasema nini, anashauri nini. Ukikaa hapo wiki mbili na macho yako wazi unaijua halmashauri nzima. Unajua nani anakaimu, mgogoro wa ardhi wa kata gani umefika wapi, watumishi wangapi wanalalamikia kupandishwa madaraja. Unajifunza kwamba dokezo sabili, yaani lile linaloandikwa nje ya jalada, si jina la ugonjwa. Unajifunza kwa nini kuna masijala ya wazi na masijala ya siri, na kwa nini mtumishi anakula kiapo cha kutunza siri kabla hajaonyeshwa hiyo ya pili. Sasa ofisi nyingi zinahamia kwenye ofisi mtandao, lakini safari ya barua ni ile ile, imebadilika karatasi tu.

Siku ukiitwa kwenye usaili wa mahojiano ukaulizwa "umepokea barua iliyoandikwa SIRI na wewe si mhusika, utafanya nini?", aliyepita masijala anajibu huku anatabasamu. Mwenye GPA tupu anaanza kutafsiri kitini cha mwaka wa pili.

Pili, nendeni halmashauri. Najua kila mtu anataka Mtumba kwenye mji wa serikali Dodoma, anataka wizara, anataka taasisi yenye kiyoyozi na chai ya saa nne. Ukifika makao makuu mko kundi zima chumba kimoja, kazi yenu kutoa kopi. Halmashauri watu hawatoshi, kwa hiyo utafanya kazi kweli. Mwanafunzi wa maendeleo ya jamii utapanda pikipiki kwenda kuhakiki kikundi kilichoomba mkopo wa asilimia 10, ule wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utakuta kikundi cha ufugaji kuku hakina hata banda, katibu anakwambia kuku "wamepelekwa kwa shangazi". Ukiwa umeona hayo ndio utaelewa kwa nini serikali iliisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 na kuirudisha 2024 kwa utaratibu mwingine. Wa ununuzi ataona jinsi zabuni inavyopita kwenye NeST, mfumo ulioanza 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Wa uhasibu ataona malipo yanavyotembea kwenye MUSE, mfumo wa malipo ya serikali.

Hapo kwenye mifumo nitoe onyo. Utakuta afisa amechoka, anakwambia "dogo, nenosiri langu hili hapa, malizia hizo". Kataa kwa heshima. Mwambie "mkuu, ingia wewe, mimi nitakaa pembeni nikusomee". Hoja ya ukaguzi ikija itamfuata mwenye jina kwenye mfumo, naye atakutaja wewe.

Tatu, barua. Inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, inapita masijala, inafika kwa afisa utumishi. Usimpelekee mkuu wa idara kwa mlango wa nyuma, barua yako haitakuwa na folio na siku msimamizi wa chuo akija kukutathmini tutakushangaa wote. Na ileteni mapema, Machi au Aprili. Anayekuja Julai na begi mgongoni anapewa idara iliyobaki.

Karibuni tujadili. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Naweka Kambi

Nimekaa siti ya mbele, mwenye karanga azungushe.

#3 Binti wa Makulu

Mzee shikamoo. Nakubali mengi ila hapo kwenye "hakuna kubakizwa" naona umekaza sana. Nina rafiki alifanya fildi halmashauri moja, chuo kikaisha, mpaka leo yupo pale pale, kila asubuhi anaenda kazini na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Yule tumuiteje?

#4 Mzee wa Masijala

Marahaba binti. Muulize swali moja: ana cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya serikali?

Nina uhakika huyo ni wa mkataba wa muda au kibarua, analipwa kwa mapato ya ndani. Halmashauri zina ruhusa ya kufanya hivyo kwa shughuli fulani. Wengi wao ndio wale wanaokaa getini mnadani na mashine ya POS wanakata ushuru wa mbuzi. Ni kazi halali na simkatazi mtu. Ila mapato yakishuka au Mkurugenzi akihamishwa, mkataba hauhuishwi na hakuna wa kumlilia. Tena wapo wanaojisahau, wanaacha kuomba kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, kwa sababu "mimi tayari niko serikalini". Miaka inakwenda, matangazo mengi yana ukomo wa umri wa miaka 45, na kila mwaka vyuo vinamwaga wapya.

Mwambie aendelee kukaa hapo kwa sababu anajifunza na anakula, lakini tangazo la kada yake likitoka aombe kama mtu asiye na kazi.

#5 Mchumi Mtaani

Mzee, kwa heshima zote, uzi wako umeandikwa na mtu aliyeshiba. Mimi nimemaliza utarajali kwenye taasisi moja ya umma. Nilikuwa nafanya kazi ile ile ya afisa mwajiriwa, ripoti ya robo mwaka niliiandika mimi, jina likawekwa lake. Posho ilikuwa inatosha daladala na chips kavu, kodi ya chumba nilikuwa namuomba mama anayeuza vitumbua. Nilipomaliza nikapewa cheti na mkono. Wiki iliyofuata akaletwa mwanafunzi mwingine kwenye kiti changu.

Sasa niambie hiyo inaniandaa kwa ajira au inaziba pengo la ikama kwa bei ya bure? Kama ofisi ina kazi ya mtu mmoja kila mwaka na kila mwaka inafanywa na mtarajali, basi pale kuna nafasi, iombewe kibali.

#6 Mzee wa Masijala

Mchumi, hoja yako naipokea na ni nzito kuliko nilivyotaka uzi huu uwe. Ni kweli zipo ofisi zimegeuza watarajali kuwa ikama ya pili. Nami nimekaa kwenye vikao vya bajeti nikaona kada inaombewa watu watano, inarudi na mmoja, basi mkuu wa idara anageukia barua za TaESA na za wanaojitolea. Hakufanya kwa ubaya, lakini mwisho wa siku amepata kazi bila kulipa.

Kitu kimoja nikuongezee kwa faida ya wengine. Nafasi nyingi za Daraja la II, ndipo mhitimu wa shahada anapoanzia, haziulizi uzoefu wa kazi. Kwa hiyo usije ukabaki kwenye utarajali kwa hofu kwamba huna uzoefu wa kutosha kuomba. Ile ripoti uliyoandika wewe, itaje kwenye sivii kwa maelezo ya kazi: "nilikusanya takwimu za robo mwaka kutoka vitengo kadhaa na kuandaa rasimu ya ripoti ya utekelezaji". Jina la kwenye jalada ni la bosi, ila akikuhoji mtu kuhusu namna ilivyoandaliwa, yeye hatajua na wewe utajua.

#7 Nesi wa Zamu

Naomba watu wa afya tusiingizwe humo humo. Kwa daktari, utarajali si hiari, ni mwaka mzima kabla ya usajili kamili wa baraza. Usipoufanya huna leseni, hapo hata hilo tangazo la ajira halikuhusu. Ila tukimaliza tunarudi kwenye foleni moja na nyie, hilo halina ubishi.

#8 Mwana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Hapa kwetu hadithi hii tumeishi nayo hadi ikafika kortini. Tume ya Utumishi wa Umma ina programu yake ya wanagenzi, ya miezi 12, na tangu mwanzo wanakwambia wazi kuwa haina ahadi ya kazi. Hiyo haina kelele sana.

Kelele ilikuwa kwa walimu. Mwaka 2023 TSC, tume ya kuajiri walimu, iliwachukua walimu wa sekondari msingi kama wanagenzi, shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato, na mwalimu huyo ana shahada, ana namba ya TSC, anafundisha masomo ambayo hata hakuyasomea. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema TSC haina mamlaka ya kuajiri mwalimu aliyesajiliwa kwa mtindo wa uanagenzi. Wakagoma, wakapigwa vitoa machozi, hadi Januari 2025 ndipo walimu wapatao 46,000 wakageuzwa kuwa wa kudumu wenye pensheni. Madaktari nao mwaka huo huo wa 2024 waligoma siku 56, na donda kubwa lilikuwa ni wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema zaidi ya 200,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000.

Basi namuunga mkono Mchumi. Sisi kilichotuvusha ni chama na wakili. Wema wa ofisi hatukuuona.

#9 Mchumi Mtaani

Umeona mzee? Wenzetu wamekwenda mahakamani, sisi tunafundishwa kutabasamu kwenye usaili.

#10 Mzee wa Masijala

Haha, hiyo imenifikia. Ila angalia tofauti: wale walimu walikuwa wameajiriwa na mwajiri mwenyewe kwa jina la uanagenzi, tena darasani wako peke yao. Mtarajali wetu kwenye karatasi ni mwanafunzi wa kazi aliye chini ya msimamizi. Ukitaka kesi yako isimame, kwanza uonyeshe kwamba hukuwa na msimamizi. Wengi mnasaini ile fomu ya tathmini kila mwezi kwamba mlisimamiwa vizuri.

#11 Mbeba Box Ohio

Nichangie kidogo kutoka huku Marekani kwa sababu watu hudhani kila kitu huku ni mteremko. Serikali kuu ya huku ina programu ya wanafunzi inaitwa Pathways, ilitokana na amri ya Rais Obama ya Desemba 2010. Tofauti yake na hiyo ya kwetu ni moja tu, lakini ni kubwa: kuna kifungu cha kugeuzwa. Mwanafunzi akimaliza masomo na akawa ametimiza saa 640 za kazi, ofisi inaweza kumgeuza kuwa mwajiriwa bila kushindana upya na umma. Mwaka 2024 kanuni zikarekebishwa, saa zikashuka hadi 480. Neno ni "inaweza", si "lazima", na kwa sehemu kubwa ni lazima uwe raia, kwa hiyo sisi wabeba box tunaangalia tu.

Sasa sikieni upande wa pili. Januari 20, 2025 Trump kaapishwa, siku hiyo hiyo kasimamisha ajira mpya. Mwezi uliofuata wakaanza kufukuza maelfu ya watumishi waliokuwa kwenye kipindi cha majaribio, yaani hasa hao hao vijana wapya. Serikali ikibana mkanda, anayeumia kwanza ni wa mlangoni.

#12 Mzee wa Masijala

Asante mkuu. Na hapa kwetu tuliyaona mwaka 2016, ajira zikasimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa, kisha Aprili 2017 ikatoka ile orodha ya vyeti feki, watu 9,932. Kundi lililomaliza chuo miaka hiyo lilikaa mtaani kwa kosa ambalo si lake.

Mimi binafsi kifungu kama hicho cha saa ningekitaka kwa kada chache, kwa mfano watunza kumbukumbu na watendaji wa vijiji, ambako kazi inajulikana kwa kuiona. Kwa kada zote sikitaki. Ukikiweka leo bila ushindani, kila mkubwa atahakikisha mpwa wake ndiye anapangiwa fildi pale penye kibali. Usaili wa Sekretarieti una kasoro zake, lakini mtoto wa muuza vitumbua anaingia kwa alama zake.

#13 Kalamu na Kompyuta

Nimepita hiyo njia juzi juzi, niwape picha. Mchujo siku hizi mnafanya kwenye kompyuta, kwa vituo vya mikoani, si lazima kukimbilia Dodoma na kulala stendi kama zamani. Alama ya kufaulu ni 50, ila kufaulu si kuitwa, wanachukua wa juu kulingana na nafasi. Walimu nao sasa wanafanya usaili, ile ya kupangiwa tu imepita. Kwenye mahojiano niliulizwa "tueleze changamoto moja uliyoikuta fildi na ulivyoshauri". Wenzangu wawili walisema "uhaba wa vitendea kazi". Mimi nilieleza madai ya likizo ya watumishi yaliyokuwa yanarudishwa kwa kukosa kiambatisho kimoja, na karatasi ya orodha niliyobandika ukutani ili mtumishi ajue alete nini. Nilipita, nikawekwa kanzidata kwanza, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, baadaye nikapangiwa.

#14 Mzee wa Masijala

Mnaona? Karatasi ya ukutani. Hiyo ndiyo fildi.

#15 Mama Wawili wa Mbagala

Wanangu habari zenu. Mwanangu yupo Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, anasoma stashahada. Kuna kaka amempigia anasema ni wa utumishi wilaya fulani, atampokea fildi na kumwachia nafasi ya mtendaji wa kijiji, anataka laki tatu ya kuandaa faili. Nimeshaazima laki moja kwa jirani. Nitume?

#16 Mzee wa Masijala

Mama shikamoo. Usitume hata mia. Faili halilipiwi, nafasi ya mtendaji inatangazwa hadharani na inaombwa kwa Ajira Portal. Hiyo namba ipeleke TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, piga 113, ni bure. Kijana wako apeleke barua ya chuo mwenyewe kwa Mkurugenzi. Wanafunzi wa Hombolo na wa Chuo cha Utumishi wa Umma huwa tunawapenda, wanakuja tayari wanajua kikao cha kijiji kinaendeshwaje. Laki moja mrudishie jirani leo leo.

#17 Mama Wawili wa Mbagala

Marahaba baba. Mungu akubariki, nilikuwa naenda kwa wakala sasa hivi.

#18 Binti wa Makulu

Mzee swali la mwisho. Nimemaliza mitihani, mahafali ni mwisho wa mwaka. Naweza kuanza kuomba sasa kwa matokeo ya muda?

#19 Mzee wa Masijala

Hapana binti. Soma masharti ya matangazo: matokeo ya muda na hati za matokeo havikubaliwi, wanataka cheti chenyewe, pamoja na cha kidato cha nne na cha kuzaliwa. Majina yakitofautiana kwenye vyeti na kitambulisho cha taifa cha NIDA, mfuate wakili akuandalie hati ya kiapo sasa hivi, si siku ya usaili. Huu muda wa kusubiri cheti ndio wa kujisajili TaESA au kupeleka barua ya kujitolea halmashauri ya nyumbani, ambako hulipi kodi.

Cheti kikitoka, barua iwe na sahihi yako, Kiswahili au Kiingereza sawa tu, ielekezwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Kuna watu wanaandika jina la chuo chao hapo juu wakidhani bado ni barua ya fildi.